Kumbukumbu na Chombo Chake: Kutoka Maabara ya Tinde hadi Injini za Hifadhidata

Hifadhidata ya kihusiano, yaani mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa katika majedwali na kuunganishwa kwa funguo, humwonyesha mtumiaji sura moja tu: jedwali linaloulizwa na kujibu. Chini ya sura hiyo imo sehemu ya programu iitwayo injini ya hifadhi, nayo ndiyo huamua taarifa ziandikwe vipi kwenye diski, nani asubiri wakati mwenzake anaandika, na nini kitokee umeme ukikatika kabla kazi haijakamilika. Majedwali mawili yanaweza kufanana kwa kila jina la safu na kwa kila jibu yanalotoa, lakini yakatofautiana kabisa siku ya hitilafu, kwa sababu kila moja lina injini yake. Kwa hiyo ukaguzi wa injini ya jedwali, ijapokuwa huhesabiwa kuwa kazi ndogo ya fundi, una nafasi yake katika historia ya utunzaji wa kumbukumbu, na katika Afrika Mashariki swali unalolijibu liliwahi kushughulikiwa kwa miaka mingi, kwa njia nyingine, katika mji mdogo wa Tinde mkoani Shinyanga.

Tinde iko mahali ambapo barabara kuu itokayo Nzega hugawanyika, tawi moja likielekea Shinyanga na Mwanza na jingine likielekea Isaka, Kahama na mipaka ya Rwanda na Burundi. Wasafiri wa leo huijua kwa njia panda hiyo, lakini katika miaka ya 1930 na 1940 jina lake lilifahamika kwa wanasayansi wa magonjwa ya kitropiki kwa sababu ya maabara yake ya utafiti wa malale. Sehemu kubwa ya Usukuma na Unyamwezi ilikuwa na mbung'o, inzi wanaoeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe, na mlipuko wa malale uliotambuliwa Maswa mwaka 1922 uliilazimu serikali ya kikoloni kulitazama tatizo hilo kwa uzito. Charles Swynnerton, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa wanyamapori wa Tanganyika, alishirikiana na Mtemi Makwaia wa Usiha katika kazi ya kufyeka vichaka iliyofanywa na maelfu ya Wasukuma katika miaka ya 1920, kisha akaongoza idara ya utafiti wa mbung'o yenye makao yake Shinyanga hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Kazi ya idara hiyo ilitegemea daftari sawasawa na ilivyotegemea darubini. Mtafiti C. H. N. Jackson, aliyetaka kujua idadi ya mbung'o katika eneo fulani bila kuwakamata wote, aliwatia nukta ndogo za rangi ya mafuta inzi waliokamatwa, akawaachia, kisha akahesabu wangapi kati ya waliokamatwa baadaye walikuwa na alama, na kutokana na uwiano huo akakadiria idadi ya wote pamoja na kasi ya kufa na kuzaliwa kwao. Rangi ya nukta na mahali ilipowekwa mwilini vilibeba maana kwa sababu tu maana hiyo ilikuwa imeandikwa; inzi mwenye nukta ambayo maelezo yake yamepotea daftarini hakuwa na thamani yoyote katika hesabu. Utafiti wa Shinyanga ulijengwa, kwa hiyo, juu ya uhusiano kati ya alama na maandishi, na uhusiano huo ukikatika hakuna juhudi ya porini ambayo ingeweza kuurudisha.

Jaribio lililoipa Tinde umaarufu lilianza mwaka 1934 chini ya daktari J. F. Corson. Vimelea vya malale vya aina ya Trypanosoma rhodesiense, vilivyotokana na binadamu mgonjwa, vilihamishwa na mbung'o wa aina ya Glossina morsitans kutoka mnyama mmoja hadi mwingine, hasa kondoo na jamii ya swala, ili kupata jibu la swali lililowagawa wataalamu kwa muda mrefu: je, vimelea vikiishi ndani ya wanyama kwa miaka mingi hupoteza uwezo wa kumwambukiza binadamu, na kuwa sawa na Trypanosoma brucei ya kawaida ambayo hudhuru mifugo lakini haimpati mtu? Ugumu wa swali ulikuwa kwamba aina hizo mbili hazitofautiani chini ya darubini. Njia pekee iliyokuwapo wakati huo ilikuwa kuwaambukiza binadamu walioitwa watu wa kujitolea, jambo lililofanyika chini ya utawala wa kikoloni ambamo hiari ya raia mbele ya mamlaka ina maswali mazito, na historia haina budi kuyataja maswali hayo kila inapolisifu jaribio lenyewe. Kazi hiyo ilipita kutoka kwa Corson hadi kwa H. Fairbairn na kisha K. C. Willett, na taarifa iliyochapishwa mwaka 1955 ilieleza miaka 18 ya uambukizaji mfululizo, ambamo vimelea kwa ujumla vilibaki na uwezo wa kumwambukiza binadamu.

Matokeo hayo yasingekuwa na uzito wowote kama nasaba ya vimelea isingeandikwa bila pengo, kwa kuwa kila mnyama alipaswa kujulikana aliambukizwa na mbung'o gani, na mbung'o huyo alikuwa amemnyonya mnyama yupi kabla yake. Pia yaliacha fundisho lililo pana kuliko malale, kwamba vitu viwili vinavyofanana machoni vinaweza kuwa na tabia mbili tofauti, na kwamba mtunzaji makini hatosheki na mfanano bali hutafuta njia ya kuuliza kilichomo ndani. Utafiti ulihamia Tororo, Uganda, katika miaka ya 1950, na huko katika miaka ya 1960 vimelea vilianza kuhifadhiwa kwa kugandishwa kwenye baridi kali, hivi kwamba haikuwa lazima tena kuvipitisha katika kondoo mmoja baada ya mwingine ili viendelee kuwapo. Mwaka 1970 L. R. Rickman na J. Robson walitangaza kipimo kilichotumia damu ya binadamu nje ya mwili kutenganisha aina hizo mbili, na tangu hapo swali lililokuwa likijibiwa kwa mwili wa mtu likaanza kujibiwa mezani. Namna ya kuhifadhi ilibadilika, namna ya kukagua ikabadilika, na vyote viwili vikabadili aina ya maarifa yaliyowezekana.

Baada ya uhuru, kumbukumbu za afya katika maeneo kama Tinde ziliendelea kukaa kwenye karatasi kwa muda mrefu, na sababu yake haikuwa umaskini peke yake. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na masharti hayo yalilegezwa taratibu tu katika miaka iliyofuata. Wakati huohuo sekta ya afya ilijenga utaratibu wake wa maandishi, na kuanzia mwaka 1993 Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, unaojulikana zaidi kama MTUHA, ulivipa vituo vya nchi nzima vitabu vya aina moja vyenye namba maalumu. Kitabu namba 5 kiliwahusu wagonjwa wa nje, namba 6 wajawazito wanaohudhuria kliniki, na namba 12 akina mama waliofika kujifungua. Mwisho wa mwezi mhudumu alihesabu mistari, akajaza fomu ya muhtasari na kuipeleka wilayani.

Rejesta ya karatasi ina kasoro nyingi, lakini kasoro zake huonekana. Ukurasa uliochanika huacha mabaki kwenye mshono, namba ya mfululizo iliyorukwa hujitokeza kwa yeyote anayefuatisha kidole, na kosa linalokatwa kwa mstari mmoja na kutiwa saini hubaki likisomeka chini ya sahihisho lake. Mtu anayepokea kitabu namba 5 kutoka kwa mwenzake hahitaji kuuliza kitabu hicho kinatunzaje maandishi, kwa kuwa jibu liko mbele ya macho yake. Kuhamia kwenye kompyuta kuliondoa uwazi huo, kwani kulileta kati ya mwandishi na maandishi yake tabaka la programu ambalo mwandishi halioni.

Tabaka hilo lilikuwa na historia yake mbali na Shinyanga. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mtaalamu wa hisabati aliyefanya kazi IBM, alipendekeza kwamba mtumiaji wa taarifa aachiwe majedwali na uhusiano wake tu, bila kulazimika kujua zimepangwaje ndani ya mashine. Pendekezo hilo liliwakomboa waandishi wa programu, kwa sababu kabla yake mabadiliko madogo ya mpangilio wa faili yaliweza kuvunja kila programu iliyolitumia. Lakini ukombozi huo ulikuwa na gharama yake, kwani mtu aliyeruhusiwa kutojua mpangilio wa ndani alizoea kutouliza kabisa. IBM ilikuwa tayari na mbinu ya faili zenye faharasa iliyoitwa ISAM, na mbinu hiyo ndiyo iliyotoa jina la injini za mwanzo za MySQL, programu ya hifadhidata iliyoanzishwa Sweden mwaka 1995 na Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson.

MySQL ilichukua njia isiyo ya kawaida, kwa kuwa ilitenganisha sehemu inayosoma maswali na sehemu inayohifadhi, ikaruhusu injini kadhaa kuishi ndani ya hifadhidata moja, hata jedwali kwa jedwali. Injini yake ya kawaida, MyISAM, ilikuwa nyepesi, ilisoma haraka na ilitosheka na mashine yenye kumbukumbu ndogo, sifa zilizoifaa sana nchi ambazo kompyuta zilikuwa chache na dhaifu. Haikuwa, hata hivyo, na miamala, yaani uwezo wa kuzifunga hatua kadhaa ziwe kitendo kimoja ambacho ama hukamilika chote ama hakitokei kabisa. Ilifunga jedwali zima wakati wa kuandika. Na funguo za kigeni, ambazo hukataza jedwali moja kumtaja mgonjwa asiyekuwapo katika jedwali jingine, ilizipokea katika amri na kisha kuzipuuza. Injini ya pili, InnoDB, iliandikwa na Heikki Tuuri wa Finland na kuingizwa katika MySQL mwaka 2001. Hiyo ilikuja na miamala, ikafunga safumlalo moja badala ya jedwali zima, ikaheshimu funguo za kigeni, na kutunza kumbukumbu ya mabadiliko ambayo kwayo hujirekebisha yenyewe inapowaka baada ya kuzimika ghafla.

Mwaka huohuo wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vilianzisha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access, hifadhidata inayoweka kila kitu ndani ya faili moja. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka na huduma kuenea katika vituo vingi, mfumo huo haukutosha tena, na kuanzia mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, wakishirikiana na wenzao wa Marekani na Afrika Kusini, walibuni OpenMRS, programu huria iliyoanza kazi Eldoret mwaka 2006 juu ya MySQL kwa majedwali ya InnoDB. Uteuzi huo uliendana na muundo wenyewe, kwani kila kipimo na kila hudhurio katika OpenMRS hufungwa kwa mgonjwa wake kwa ufunguo wa kigeni, na taarifa iliyokosewa kwa kawaida haifutwi bali hutiwa alama ya kubatilishwa pamoja na jina la aliyeibatilisha, tarehe na sababu. Kanuni ya rejesta ya karatasi, ya kukata bila kufuta, ilikuwa imepata makao mapya.

Si kila mfumo ulioingia vituoni uliteuliwa injini yake kwa uangalifu wa namna hiyo. Programu nyingi za miaka ya 2000 zilizoandikwa kwa lugha ya PHP na kutegemea MySQL hazikutaja injini kabisa, na jedwali lisilotajiwa injini liliangukia chaguo-msingi la seva, ambalo hadi toleo la 5.5 la mwaka 2010 lilikuwa MyISAM. Tanzania Bara ilichukua njia nyingine katika takwimu za jumla, ambako DHIS2, programu iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kwa kushirikiana na vyuo vya nchi nyingi kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilienezwa nchi nzima mwaka 2013 kupokea muhtasari wa MTUHA. DHIS2 imekuja kutegemea PostgreSQL, hifadhidata ambayo kwa historia yake ndefu imekuwa na namna moja ya msingi ya kuhifadhi majedwali yenye miamala, kiasi kwamba swali la injini halikumsumbua mtunzaji wake.

Uzito wa tofauti hizo hueleweka vizuri kwa kulifuata tukio moja la kawaida la kituo cha afya kilicho kandokando ya barabara. Mama amemleta mtoto mwenye homa, kipimo kimeonyesha malaria, na mhudumu anaingiza taarifa: safumlalo moja katika jedwali la mahudhurio, moja katika jedwali la vipimo, moja katika jedwali la dawa zilizotolewa, na punguzo katika jedwali la akiba ya dawa. Umeme ukikatika baada ya hatua ya tatu, na programu ikiwa imezifunga hatua zote nne katika muamala mmoja, InnoDB itaamka na kuziondoa zile tatu, ili mhudumu aanze upya na hesabu ya stoo ibaki ya kweli. Katika MyISAM hatua tatu zitabaki na ya nne haitakuwapo, hata kama mwandishi wa programu aliweka amri ya muamala kwa ukamilifu. Dawa itaonekana imetoka mikononi mwa mfamasia huku ikiendelea kuhesabiwa ghalani, na pengine jedwali lenyewe litakataa kufunguka hadi litengenezwe. Hakuna mstari uliochanika wa kumwonyesha mkaguzi mahali pa kosa, na tofauti hiyo itagunduliwa mwisho wa robo mwaka, ikimtia mtu asiye na hatia katika shaka ya wizi.

Jambo lililofanya ukaguzi uwe wa lazima, badala ya kuwa wa hiari, ni tabia ya MySQL ya zamani ya kubadilisha injini kimyakimya. Mwandishi aliyeagiza jedwali la InnoDB kwenye seva ambayo injini hiyo ilikuwa imezimwa, pengine na fundi aliyetaka kuokoa nafasi ya kumbukumbu, alipewa jedwali la MyISAM pamoja na onyo ambalo programu nyingi hazikulionyesha. Amri ilikubaliwa, jedwali likaundwa, majaribio yakapita, na kila mtu akaendelea akiamini kwamba kinga ipo. Kanuni ya kukataa ubadilishaji huo iliwekwa kuwa ya kawaida katika toleo la 5.6 la mwaka 2013. Kabla ya hapo, kilichoandikwa katika maelekezo ya programu hakikuwa ushahidi wa kilichomo ndani ya seva, na ushahidi ulipatikana kwa kuiuliza seva yenyewe tu.

Njia za kuuliza zilikua kwa hatua. Mafundi wa mwanzo waliangalia majina ya faili kwenye diski, kwa kuwa MyISAM huweka data katika faili lenye kiambishi MYD na faharasa katika faili lenye kiambishi MYI, ilhali InnoDB hutumia faili la pamoja liitwalo ibdata1 au faili la kila jedwali lenye kiambishi ibd. Amri ya SHOW TABLE STATUS huorodhesha majedwali ya hifadhidata pamoja na injini ya kila moja, na SHOW CREATE TABLE hurudisha maelezo kamili ya jedwali moja, injini yake ikitajwa mwishoni. Toleo la 5.0 la mwaka 2005 liliongeza information_schema, yaani majedwali yanayoeleza majedwali mengine, ambamo safu iitwayo ENGINE humwezesha mtunzaji kupata kwa swali moja orodha ya kila jedwali lisilo la InnoDB katika seva nzima. Kazi hiyo huchukua dakika chache, haibadilishi chochote, na haihitaji huduma isimamishwe.

Kuwekwa kwa InnoDB kuwa chaguo-msingi hakukulimaliza suala hili. Kuboresha seva hakugeuzi majedwali yaliyokuwapo, na hata nakala ya akiba hubeba injini ya zamani ndani yake, kwa sababu amri ya kuunda jedwali huandikwa katika nakala hiyo pamoja na jina la injini. Jedwali lililoundwa mwaka 2006 kwa MyISAM linaweza kuhamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na kutoka toleo hadi toleo, likibaki MyISAM mpaka mtu aagize ligeuzwe kwa amri ya ALTER TABLE. Injini ya jedwali, kwa hiyo, ni ushahidi wa kihistoria unaosimulia lini jedwali liliundwa, kwa mazoea gani, na ni watunzaji wangapi walilipokea bila kuliuliza.

Watafiti wa Tinde waliweza kukabidhiana kazi kwa miaka 18 kwa sababu kila aliyepokea alijua alichopokea, kuanzia mbung'o hadi kondoo hadi ukurasa wa daftari. Vituo vya afya vya Shinyanga na Geita sasa vinakabidhiana mifumo ambayo walioisimika wamekwisha kuhama au kustaafu, na hati ya makabidhiano kwa desturi hutaja kompyuta, skrini na nywila. Inapaswa kutaja pia injini ya kila jedwali linalobeba taarifa za mgonjwa au za dawa, tarehe iliyokaguliwa, na sababu ya kila jedwali lililoachwa nje ya InnoDB, kwa kuwa mwananchi anayetoa jina lake, umri wake na ugonjwa wake dirishani hana namna ya kukagua mahali vinapowekwa, na mtunzaji ndiye aliyekubali kulifanya hilo kwa niaba yake.